Kioo cha Chumba cha Mwisho

Sogeeni karibu, wanangu, mfunge na mlango, na kabla sijasema lolote kila mmoja aape kwamba haya hayatatoka nje ya chumba hiki. Wewe binti yangu, apa kwa sauti, nakujua. Na wewe kitinda mimba, weka simu chini kwanza. Haya, mmeapa vizuri kuliko mimi, maana na mimi niliapishwa nisiseme, na leo nasema, kwa kuwa huko niendako sitampata anayemjua kaka yenu, wa kumsengenya naye. Yeye amesema anashuka dukani kutazama mzigo. Tumwache autazame.

Sikilizeni basi. Nyumba ni ya kitinda mimba, kwa sababu ndiye aliyebaki akiipaka chokaa wakati wengine mnanitumia salamu. Hereni zangu apewe mkamwana wangu, mke wa kaka yenu, na wifi yangu asizijaribu hata mbele ya kioo. Amezitolea macho tangu siku ya harusi yangu, nami nimeshamsamehe yote ila hereni. Duka la nguo hapo chini ni lenu nyote watatu, na ndilo linaloninyima kufa kwa raha.

Binti yangu, umesoma, na tangu uingie pale rafu zimenyooka na mzigo haupotei. Sikuondolei sifa hiyo. Lakini umemwambia fundi wetu wa kupunguza suruali kwamba achague moja, cherehani au swala, na akiendelea kuondoka mezani adhuhuri asirudi tena. Kaka yako, kifungua mimba wangu, alikaa kwenye kikao hicho akitikisa kichwa kama mjusi, nawe ukadhani amekubali.

Mnajua fundi huswali katika chumba cha mwisho cha kujaribia nguo, nyuma ya pazia. Siku moja mzee mmoja alivuta pazia, akamkuta kasujudu, akamuuliza kama suruali ya kiuno chake ipo. Fundi wa watu aliona haya mpaka akakosa usingizi. Tangu hapo, kila adhuhuri, kibao kinaning'inia pale: KIOO KIMEVUNJIKA. Wewe ukamleta fundi wa vioo, akakuta kioo kizima, akabandika kipya kwa ubishi wako tu, na kesho yake kibao kikarudi. Ukasema ni uongo wa fundi wetu. Tena suruali zikaanza kutoka mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi, wateja wakaja juu, ukasema anashona huku akili yake iko msikitini. Mtu amebeba lawama mbili zisizo zake, na hakujitetea, kwa sababu anamlinda anayemlinda.

Mimi tangu miguu inikatae, dirisha hili linalotazama ndani ya duka ndilo redio yangu, wala haliishiwi betri. Nilimwona anayetundika kibao. Nilimwita, nikamuuliza, akanijibu, "Mama, mtu anaongea na Mungu wake, mimi nimsimamie na futi shingoni?" Nikamwambia amweleze dada yake. Akasema, "Yule? Nikifungua mdomo tu ananimaliza." Akaniapisha. Sasa mmeshajua ni nani, msijifanye kushangaa.

Binti yangu, usinune, nakuusia. Sisi Jumapili tunafunga duka zima twende kanisani, na sijasikia ukisema tunapoteza wateja. Siku yetu tumeiita mapumziko, dakika za mwenzetu tukaziita uvivu. Kaeni na fundi mezani, mumuulize, msimkisie: ni saa zipi, Ijumaa anahitaji muda gani, na yeye atawasaidiaje wakati duka limefurika. Mpeni ile stoo ndogo, itolewe maboksi, iwe na mlango wa kufunga. Keshia naye ni Msabato, aachiwe Jumamosi yake. Kitinda mimba atakaa kwenye kaunta, kwani kukaa ndiko anakokuweza. Na yule msichana mpya wa mauzo avae kitambaa chake kichwani. Anauza mashati, hauzi nywele.

Maji... kidogo tu. Basi.

Mungu awape riziki, wanangu, awape na mikono ya kuigawana. Mlango wenu uingiwe na watu wa kila namna, na kila mmoja atoke na kitu kinachomkaa vizuri. Msinizike kwa kelele. Msigombane... mbele ya wifi yangu, atafurahi.

Ninyanyueni. Pumzi inaniishia, na saa ya swala ndiyo hii. Binti yangu, vuta pazia la dirisha, pole pole, usikohoe. Tazameni chini. Viatu vya fundi vile pale nje ya chumba cha mwisho, kibao hicho juu yake, na pale kwenye cherehani, miwani puani, pini mdomoni... kaka yenu, anakunja mguu wa suruali ya watu, na foleni yote inamtazama. Keshia ameinua kichwa huku kwetu. Na wateja nao.

Sasa ameinua na yeye.

Fungua dirisha, binti yangu, mwambie wewe, mimi sauti... mwambie asiifiche hiyo suruali. Tumeshamwona sote.