Aliyesoma Mwisho ili Sisi Tushtuke

Wana-Uzi wangu, wenye macho mekundu ya Jumamosi. Ndugu Mwenyekiti wa jukwaa letu la anime. Shemeji yetu fundi friji, uliyetuazima mke miaka yote hii. Wazazi mliokuja kuhakikisha kwamba hawa marafiki wa mtandaoni ni watu kweli. Na nyinyi wote mliobanana kwenye viti vya plastiki hapa juu ya duka la fotokopi, hamjambo?

Mimi ndiye yule fundi simu anayekomenti kabla hajamaliza kuangalia. Leo ndio tunaonana sura, na tumekuja kumuaga Bi Fagio, msimamizi wa uzi wetu, yale mazungumzo yetu ya kila wiki mtandaoni. Nimeambiwa niongee kwa utulivu. Nitajaribu.

Wazazi, niwaeleze kidogo. Kila Jumamosi ikitoka sehemu mpya ya ile katuni ya Kijapani ya msichana rubani, Bi Fagio anafungua uzi, tunaingia, tunalia, tunabishana. Lakini wapo waliokwisha kusoma vitabu vya hadithi hiyo, wanaojua nani anakufa na lini. Hao wana chumba chao huko huko mtandaoni. Na kila wiki, bila kukosa, mmoja wao anatoka chumbani kuja kutumwagia mtama, kutuambia yatakayotokea. Ukifumba na kufumbua, komenti haipo. Bi Fagio kashafagia.

Sasa nisikilizeni, maana hili lilinijia juzi nikiwa na simu ya mtu imefunguliwa mezani, nikaweka bisibisi chini. Mtu anafutaje kitu ambacho hajakisoma?

Yeye vitabu hajavigusa. Ni shabiki kama mimi na wewe, anataka kushtuka. Kumbe kila siri tuliyokingwa nayo ilimpiga yeye kwanza. Alikaa kazini kwake, mapokezi kwenye kliniki ya meno, anaita wagonjwa mmoja mmoja kwa sauti ya upole, huku kichwani amebeba vifo vya watu tuliowapenda, na hakumwambia hata Shemeji, mumewe.

Muulizeni Shemeji. Amenisimulia hapo ngazini. Siku mwalimu wa rubani alipokufa, familia nzima iko kwenye kochi, na tishu zimeshawekwa mezani hata wimbo wa kufungulia haujaisha.

"Mimi nikadhani ana mafua," anasema Shemeji. Baadaye akamuuliza, "Kumbe ulikuwa unajua?"

"Tangu Jumanne."

"Na ukanyamaza, mke wangu?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe. Ulivyoukumbatia ule mto, kama mtoto."

Nani kati yetu anaweza? Mimi sherehe ya kumshtukiza dada yangu niliitoboa kwa dada mwenyewe.

Bi Fagio, hebu simama tukuone. Mfupi hivi? Mimi nilidhani una mabega ya mbeba mizigo.

Basi, jambo lenyewe. Msimu wa mwisho unaanza Jumamosi hii. Bi Fagio anaondoka kwa sababu moja tu: mwisho huu anataka auone bila kuujua, pale pale kwenye kochi, ashtuke pamoja na watu wake. Mwenyekiti amesema asipopatikana wa kushika nafasi yake, uzi unafungwa, na mtama utazagaa kila mahali. Na aliyetajwa ni mimi. Mimi, ambaye tangu niko shule nasubiri kujua kama rubani anarudi nyumbani. Ambaye mteja akianza tu kuhadithia, nawasha mashine ya kupulizia vumbi nisimsikie. Nikikubali, wiki haiishi nitakuwa najua.

"Mdogo wangu, usipokee kwa kunionea huruma," Bi Fagio kaniambia pale mlangoni. "Pokea kama unapenda kuwaona wanashtuka."

Ombi la usimamizi bado liko hapa kwenye simu, linasubiri nibonyeze Kubali au Kataa. Kwa kunivumilia mpaka hapa nawashukuru sana, wakubwa kwa wadogo. Ila kabla hamjapiga makofi, niambieni ukweli: ingekuwa wewe, ungebonyeza wapi?