Mama Mwanne na Nusu ya Pili ya Kitabu

Baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Mama Mwanne Shakuru anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025. Maktaba yetu ya Mutanga Nord inabaki na viti vyake na meza yake ya kuazimia vitabu, lakini nani sasa atamtazama msomaji usoni na kujua ni kitabu gani kitamkosesha raha mpaka akimalize? Mimi sijui, na ninasema wazi kwamba inaniuma.

Aliajiriwa mwaka 1999 kupanga magazeti. Aliyapanga, ndiyo, lakini kila aliyekuja kusoma habari za mpira aliondoka na riwaya ya upelelezi kwapani. Polepole akajijengea rafu yake karibu na dirisha: upelelezi kushoto, hadithi za sayansi na sayari za mbali kulia. Kabla ya kukupendekezea kitabu alikuuliza swali moja tu, kama unapenda kuogopa au kushangaa.

Mwaka 2014 rafu hiyo nusura iondolewe. Uongozi wa wakati huo ulitaka nafasi ya kompyuta, ukasema riwaya zile hazifundishi kitu na wala haziazimwi. Mama Mwanne akapewa miezi mitatu kuonyesha vinginevyo. Shida ilikuwepo kweli: vitabu vinene, nakala moja moja, na msomaji akishika kimoja anakaa nacho mpaka msimu wa mvua uishe. Basi akavipeleka kwa Sulemani, fundi wetu wa kujalidi, avikate katikati na kuvitia majalada mawili mawili. Sisi wenzake tulishika vichwa. Kukata kitabu, tena kwa hiari!

Tangu hapo uliazima nusu ya kwanza, na ili upewe ya pili ilibidi uandike kwenye kikaratasi unamshuku nani, au unadhani safari ya angani itaishia wapi. Watu wakaanza kurudi mbio. Aliyejaribu kumchokonoa amwambie mwisho alijibiwa kwa upole: "Apana, mwanangu. We andika kwanza."

Halafu Sulemani akachanganya majalada. Moubarak, makanika wa Gasenyi aliyekuwa ameapa kwamba hasomi mambo ya maroketi, akapewa nusu ya pili ya kitabu kingine kabisa. Alirudi baada ya siku mbili, mikono bado ina grisi. "Mama, uyu polisi alipanda roketi saa ngapi? Mi sikuona. Lakini kitabu ni muzuri, unipatie ingine." Mama Mwanne alicheka mpaka akavua miwani, kisha akamwazima hadithi ya sayansi kamili, nusu zote mbili kwa mpigo. Wiki iliyofuata gereji nzima ilikuwa imejiandikisha.

Miezi mitatu ilipotimia, uongozi ulikuja kupima nafasi ya kompyuta. Ulikuta rafu tupu, kila nusu iko nyumbani kwa mtu, na foleni imefika mlangoni. Kompyuta zilipelekwa chumba cha magazeti. Leo rafu ile imekuwa ukuta mzima, na ushindi huo ni wa Mama Mwanne, hatumgawii mtu mwingine.

Wiki hii ametupa kila mmoja wetu zawadi iliyofungwa vizuri. Yangu ni riwaya ya upelelezi. Niliisoma kwa pupa, nikafika mahali mlango unafunguka, na kurasa zikaisha. Kumbe nusu za pili za zawadi zetu zote amezihamishia nyumbani kwake Buterere, na sharti halijabadilika.

Mama Mwanne, asante kwa kila kitabu ulichotupa kabla hatujajua kwamba tunakihitaji. Tunakuombea afya njema, nyumba yenye amani na macho yasiyochoka kusoma. Jumapili weka chai jikoni, ninakuja na kikaratasi changu. Namshuku daktari.

Assia, meza ya kuazimia vitabu