Jina la Tundu Namba Ishirini na Moja

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, mbele ya kinyozi, chini ya bati linalovuja upande mmoja tu. Kinyozi anaitwa Redio, kwa sababu ukimnong'oneza jambo saa tatu, saa nne unalikuta sokoni limeshatiwa chumvi na ndimu. Kahawa ni ya Bi Chupa, mwenye chupa tatu za moto na mdomo usiopoa. Mzee Stempu alikuwa mtu wa posta miaka thelathini na moja. Kazi amestaafu, kubishana bado. Na Jumatatu hiyo, saa nane u nusu mchana, alitokea Waya, fundi wa kompyuta wa chumba cha pili, kapakata laptopu kama mtoto mwenye homa. Akawasukuma watu kwa kiuno, akakaa katikati.

— Nipeni jina, akasema. Nina saa moja na nusu.

— Hee, hongera! akadakia Bi Chupa. Wa kike au wa kiume? Mbona tumbo hatukuliona?

— Si mtoto, Bi Chupa. Ni jina la tundu.

Redio akazima mashine ya kunyolea, akamwacha mteja wa watu anajitazama kwenye kioo, akatoka nje mwenyewe.

— Rudia hilo neno la mwisho.

— Tundu la hedifoni. La laptopu hii ya Mama.

Hapo hakuna aliyecheka, maana habari ya laptopu ya Mama waliijua wote. Mama yake Waya ni fundi cherehani. Macho yalimzimikia miaka mitatu iliyopita, ila mikono haikuzimika. Mpaka leo anapima mabega ya watu kwa vidole na kukosoa mishono ya wanafunzi wake kwa kuipapasa. Kilichomuuma ni barua. Mwanawe mkubwa anafanya kazi mbali, na wawili hao huandikiana kila wiki, na wote wawili wana midomo. Mwanzoni alikuwa akisomewa na Redio. Akaacha siku aliyosikia barua yake mwenyewe kutoka kwa muuza mkaa. Kwa Waya napo alikataa.

— Wewe ni mwanangu nakupenda, alimwambia, lakini mengine tunakusema wewe.

Ndipo Waya akamtafutia laptopu ya mtumba inayosoma kwa sauti, pamoja na hedifoni. Tundu la hedifoni likawa bubu. Akapambana nalo siku tisa mpaka akapata dawa, na kwa majuma matano Mama akawa anasikia barua zake peke yake, anatabasamu kama bibi harusi. Kisha Jumatano iliyopita mfumo ukajisasisha wenyewe na dawa ikafutika. Mama hakujua. Hedifoni masikioni, duka limejaa wateja, akabonyeza, na laptopu ikatangaza kwa spika: "Mama, nimecheka sana uliposema gauni la shangazi limemkaa kama hema la mvua." Shangazi mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya kioo, ndani ya gauni hilohilo, mkono mmoja umeshonwa, wa pili umeshikwa na pini. Alitoka nalo vivyo hivyo. Tangu siku hiyo Mama hagusi laptopu, na shangazi hapokei simu.

— Mimi nilijua umeshairekebisha, akasema Mzee Stempu.

— Nimeirekebisha, babu. Ila mfumo ukijisasisha tena itafutika tena. Lazima dawa iingie kwenye kiini chenyewe, ile programu ya chini kabisa inayoongea na vyuma. Ikishaingia huko, kila sasisho linakuja nayo.

— Na inaingiaje?

— Nimeituma kwa wanaokitunza. Kule ndani kuna draiva ya sauti...

— Dereva? akauliza Redio. Wa lori au wa teksi?

— Draiva, kaka Redio. Kipande cha programu kinachoendesha sauti. Kina orodha ndefu. Kila mashine ina namba yake, na mbele ya namba limeandikwa jina la dawa yake. Mashine ya Mama haikuwemo, kwa hiyo kiini kilikuwa hakijui hedifoni inachomekwa wapi. Mimi nimeongeza mstari.

— Sasa shida iko wapi?

Waya akageuza kioo cha laptopu, ingawa kwenye benchi zima aliyekuwa na miwani ni Mzee Stempu tu.

— Msimamizi wa upande wa sauti amenijibu asubuhi. Mtu simjui, nchi yake siijui. Anasema kazi ni safi, jina ni baya. Nibadilishe kabla ya saa kumi, maana saa kumi anafunga mlango. Ukifungwa, mpaka wiki tisa zipite.

— Uliiita nani?

— HEDIFONI_YA_MAMA.

— Jina zuri! akasema Bi Chupa. Huyo msimamizi hana mama?

— Ameuliza hivi: "MAMA ni nani?"

Redio akapiga kofi gotini.

— Nimemwelewa. Ameogopa. Ukiandika Mama kwa herufi kubwa namna hiyo, mtu anahisi ameitwa nyumbani. Hebu mpe jina lenye mvuto. Mimi hapa mtindo wowote wa nywele bila jina hautoki. Nilikuwa na mtindo mmoja, hakuna aliyeutaka. Nikaupa jina Waziri Mdogo, wiki ile ile foleni ikafika kwa muuza mkaa. Andika NGURUMO.

— Ngurumo ndiyo tunayoikimbia, kaka! Kelele tunazo tangu Jumatano.

— Basi KIMYA.

— Wee! akaruka Bi Chupa. Ukikiita Kimya kitanyamaza milele. Vyuma hivi vinasikia. Jokofu langu nililiita Mzigo, halijatembea hatua moja tangu siku hiyo.

— Bi Chupa, jokofu huwa halitembei.

— Na baridi nayo je? Halijatoa baridi!

Mzee Stempu akakohoa, kile kikohozi chake cha kuomba kikombe na nafasi ya kusema kwa pamoja. Akapewa vyote viwili.

— Ana hoja, akasema. Jirani yangu alimpa mbwa wake jina Toka. Kila akimwita, "Toka, njoo!", mbwa anazunguka palepale kama feni. Alikufa hajui anatakiwa wapi.

— Mbwa au jirani?

— Wote wawili.

Waya alicheka mpaka laptopu ikamtoka mapajani, akaidaka. Alijishangaa. Asubuhi nzima alikuwa ameandika majina kumi na manne akayafuta yote, na kila akifumba macho anamwona Mama amekaa karibu na cherehani, mikono mitupu, hedifoni zimening'inia msumarini.

— Kina miguu hicho kidude? akauliza Redio.

— Chipu, kile kipande cha ndani kinachotoa sauti? Ina miguu arobaini na nane.

— Basi tumemaliza! Andika JONGOO.

— Jongoo hana masikio, akasema Bi Chupa.

— Umemtazama?

— Wewe umeona jongoo amevaa hedifoni?

— Jamani, saa tisa hiyo, akasema Waya. Saa tisa na robo.

— Mimi nasema mpe jina la huyo msimamizi mwenyewe, akaendelea Bi Chupa, akimimina. Mtu ukimpa mtoto jina lake hakunyimi kitu. Mimi mwenye nyumba wangu nilimwambia kuku wangu anaitwa yeye.

— Akafurahi?

— Aliniongezea kodi. Lakini yule hana utu.

— Sikiliza, Waya, akasema Redio, amesimama kabisa sasa, taulo begani. Nimeshawajua hawa watu. Jina wanalolitaka ni lile lisilotamkika. Kwa nini? Likitamkika, wezi wanaliita, nalo linawafuata. Ndiyo maana vitu vyote vya kompyuta vina majina kama mtu aliyepiga chafya akiwa amekalia kibodi. Andika HKX... hebu mpige Mzee Stempu mgongoni, herufi zitakazotoka ndizo hizo.

— Nani anipige?

— Kwa heshima, mzee.

— Mimi nimetunza funguo mia sita za masanduku ya barua, akasema Mzee Stempu kwa uchungu, na kinyozi anataka nipigwe mgongoni. Mnajua jina baya linafanya nini? Sanduku namba themanini na nne lilikuwa la daktari wa meno. Kijana mmoja pale ofisini akaona uvivu wa kufungua daftari, akaandika kwenye ufunguo: "La Daktari." Daktari akahama, sanduku likachukuliwa na kwaya. Miaka minne, nasema miaka minne, kila aliyeuliza sanduku la daktari anapewa la kwaya. Mtu anaandika jino linamuuma, anajibiwa aje Alhamisi na sauti ya pili!

Bi Chupa akalia kwa kucheka, akajifuta kwa kitambaa cha kufutia vikombe. Waya peke yake hakucheka.

— Babu, mlirekebishaje?

— Kwaya? Waliimba hata mazishi ya...

— Ufunguo, babu. Mliandika nini kwenye ufunguo?

— Tuliandika namba, basi. "Themanini na nne, barua." Sanduku halihami. Wanaohama ni wenyewe.

Waya akairudia ile barua ya msimamizi, mstari mmoja mmoja, akisogeza kidole kwenye kioo. Kumbe ndicho alichokuwa akimwambia tangu asubuhi, naye hasira zimemziba: kesho itakuja mashine nyingine, ya kampuni nyingine, nyaya zake zimefungwa hivihivi, na mwenye nayo hatakuwa Mama. Jina liseme chipu ipi, mguu upi, na kwenye mguu huo pana nini.

— Chipu namba ishirini na saba, akasema polepole huku anaandika. Mguu wa ishirini na moja. Hedifoni.

— Hilo jina au anwani? akauliza Redio.

— Vyote viwili.

— Halina ladha! Waya, dada yangu, angalau weka Jongoo mwishoni.

— Kaka Redio, mteja wako.

— Atasubiri. Nimemwachia upande mmoja, haendi popote.

Akaandika C27_MGUU21_HEDIFONI, kisha akaligeuza kwa lugha wanayoandikia wenzake wa kiini. Akalibadilisha kila mahali lilipotokea, mara saba. Akakaribia kutuma, akasita.

— Jina la Mama linatoka kabisa, akasema. Nilitaka libaki. Hata kama hakuna anayemjua.

— Hakuna mahali pa kueleza? akauliza Mzee Stempu. Sisi bahasha ilikuwa na anwani nje, na ndani unaandika unalotaka.

Palikuwepo. Kila badiliko hutumwa na maelezo mafupi ya kwa nini limefanywa. Waya akaandika kwamba bila mstari huu sauti hutoka kwa spika hata hedifoni ikichomekwa. Kwamba limejaribiwa kwenye laptopu ya mama yake, ambaye haoni, na ambaye ana haki ya kusoma barua zake bila mtaa kusikia. Akatuma. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na tisa.

Bi Chupa alimimina vikombe ambavyo havikuombwa. Redio aliingia ndani akanyoa kidogo, akatoka, akaingia, akatoka. Saa kumi kasoro dakika tano laptopu ikalia kengele. Waya akasoma, akasimama, ubao ukanyanyuka upande mmoja nusura umwangushe Mzee Stempu na kahawa yake.

— Amesemaje? Amesemaje!

— Anasema: "Sasa inaeleweka. Nimeipokea." Na chini ameandika: "Msalimie mama yako."

Redio alishangilia mpaka muuza mkaa akatoka kuuliza ni timu gani imefunga. Waya hakungoja, alikimbia nyumba ya tatu, akarudi amemshika Mama mkono, hedifoni kwenye mkono wa pili. Mama alikuja na futi ya kupimia shingoni, uso umekunjamana.

— Mimi hicho kitu sikigusi, Waya. Mbele za watu tena!

— Jaribu mara moja, Mama. Imeingia kwenye kiini. Hakuna wa kuitoa.

— Na Redio yupo?

— Nipo, Mama, akasema Redio kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

Mama akakaa. Waya akamvika hedifoni, akachomeka, akachukua kidole cha Mama akakiweka juu ya kitufe. Kuna barua mpya, ya jana. Mama akavuta pumzi, akabonyeza.

Benchi zima likainama mbele. Spika, kimya. Pikipiki ikapita, mtu akapiga nyundo mahali, bati likalia kwa joto. Kwenye laptopu, hakuna. Kimya cha tundu lililopona na kimya cha tundu lililokufa, ukiwa nje, ni kimya kimoja.

— Mama? Mama, unasikia?

Mama akainua kidole. Shhh.

Kisha pembe moja ya mdomo wake ikacheza. Mabega yakaanza kutikisika. Akaziba mdomo kwa mkono, ikashindikana, akaangua kicheko kikubwa cha kutupa kichwa nyuma, machozi yanamtiririka, anampiga Mzee Stempu paja bila kujua ni paja la nani. Akitulia kidogo, barua inaendelea, anaanza upya. Nao waliomzunguka wakaanza kucheka kwa kumwona tu. Waya alicheka akilia, kichwa kwenye bega la mama yake, bila kusikia hata neno moja.

Hapo akafika mteja mpya, mgeni wa mtaa, aliyekuja kunyolewa. Akawatazama mmoja mmoja, akasalimia, halafu akauliza kama mtu yeyote angeuliza:

— Samahanini, mama anacheka nini?

Bi Chupa akamtazama Mzee Stempu. Mzee Stempu akamtazama Waya, Waya akapandisha mabega. Wote wakamgeukia Redio. Redio akafungua mdomo, akaufunga, akajikuna kichwa kwa kitana alichokuwa ameshika.

— Sijui, akasema.