Tunda la Yago Mahali pa Griffins

Mheshimiwa Chifu, Mchungaji, Mzee Ondiek na wazee wa ukoo, Mama Aoko uliyefiwa, majirani wa Kombewa, na ninyi wenzangu wa mjengo mliotoka Mamboleo, nawasalimu.

Naitwa Naswa. Kwetu ni Bungoma, shule niliacha darasa la sita, na mikono yangu imezoea karai la simiti kuliko maikrofoni. Nimesimama kwa sababu Mzee Ondiek ameniita. Amesema, "Wewe ndiwe uliyepigiwa simu. Sema ulichosikia, mama yake akisikie."

Mimi na Griffins, mwana wa Mama Aoko, tulibeba simiti pamoja, tukala githeri sahani moja. Alikuwa akinicheka: "Omera, ndugu yangu, wewe utazeeka na karai kichwani! Mimi nikifika Urusi nitakutumia picha nikiwa na koti." Wakala mmoja wa mjini alimwambia anaenda kupakia mizigo katika ghala. Picha ya koti alinitumia kweli. Iliyofuata ilikuwa ya sare ya jeshi. Nikampigia: "Griffins, hayo ni mavazi ya ghala gani?" Akanijibu, "Omera, hapa hakuna ghala."

Ndugu zangu, mpaka leo maneno hayo hayajaniingia. Mtu aliyekuwa akiruka kwa hofu jenereta ya kazini ikiwaka ghafla, alipewaje bunduki? Vita vya Ukraine vilimhusu nini, kijana ambaye ugomvi wake wote na sisi ulikuwa wa mpira? Nani hapa anaweza kunieleza? Mimi nimeshindwa.

Mama Aoko, najua kwa nini umekataa. Mwili haujaletwa, na wazee wanataka kuzika tunda la yago mahali pake, kama mnavyofanya hapa mtu akifia mbali asionekane. Asubuhi ulimwambia Mzee Ondiek mbele yetu, "Mkizika hilo tunda na mwanangu bado anapumua, atarudi boma gani? Si mtamkimbia kama mzimu?" Mimi nikashika jembe nikarudi kaburini kuchimba.

Basi nasema sasa. Aliyenipigia ni Cliff, kijana wa Ahero aliyesafiri pamoja na Griffins. Alikuwa amelazwa hospitali ya huko. Nikamwambia, "Usiniletee habari za kusikia. Ulimwona?" Akasema, "Nilimfunika uso kwa mikono yangu, Naswa. Ni Griffins. Amekufa." Nilimwuliza tena, nikamwuliza kwa hasira, nikitaka ajichanganye. Hakujichanganya. Mama, nilitaka sana ajichanganye.

Mwanao hapumui, Mama. Sisemi hivyo ili wazee wakushinde. Na wewe Mheshimiwa Chifu, nisamehe, lakini tukizika tunda leo, kesho ofisi zisituambie kwamba mambo yamekwisha. Mwili wa Griffins bado tunautaka. Yule wakala aliyempeleka bado anatembea mjini, anatafuta wengine. Wazazi mlio hapa, mkimwona, mwulizeni ghala liko wapi.

Kaburi liko tayari, tumelichimba sisi wa mjengo. Lakini Mama, hakuna mtu atakayekusukuma. Ukiinuka, tutakuja nyuma yako. Ukikaa, tutakaa nawe hata jua lituchwee hapa, na tunda litangoja.

Wote mlionivumilia, Mungu awabariki. Mimi nimemaliza. Tumsubiri Mama.