Msimwamshe, Anasikiliza

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mwandishi wetu wa habari za uchunguzi anastaafu baada ya kulitumikia shirika letu la utetezi wa kisheria kwa miaka ishirini na sita. Jina lake kamili liko kwenye barua za ofisi. Sisi tunamwita Bi Sinzia, na mwenyewe huitika.

Jina hilo alijipatia mapema. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza watu waliofungwa kwa makosa wasiyoyatenda, jamaa zao na mashahidi, kisha kuutafuta ukweli ambao mawakili wetu wangeupeleka mahakamani. Kila mtu alipoanza kueleza, yeye aliegemea kiti chake cha dirishani, pazia likipepea taratibu, chai ikipoa, akafumba macho. Katibu muhtasi mmoja mgeni alimwonea huruma, akamfunika koti. Bi Sinzia alimshukuru bila kufumbua hata jicho moja, akamwomba mteja arudie pale pa mlango uliokwaruza sakafu. Mumewe naye hulalamika kwamba nyumbani mambo ni yale yale: akianza kujieleza kwa nini amechelewa, mke anafumba macho, na uongo unamwishia mdomoni.

Alikuwa akituambia kwamba uso wa mtu humpoteza njia, sauti humrudisha. Tulicheka sana. Tuliacha kucheka lilipokuja shauri la Fundi.

Fundi ni mshonaji, na alikuwa amefungwa maisha kwa kumuua mwenye ghala la vitambaa. Shahidi pekee alikuwa karani wa ghala. Hakuona kitu. Alisema alijificha nyuma ya marobota, akaisikia sauti ya Fundi ikigombana na tajiri, ingawa mvua ilikuwa ikipiga bati juu ya kichwa chake. Mama yake Fundi alikuja kwetu kila wiki, akakaa kwenye benchi la mapokezi. Hakuomba mengi. Aliogopa tu kufa kabla mwanawe hajarudi, na alilisema hilo waziwazi kwa yeyote aliyepita.

Mawakili waliusoma ushahidi ule hadi karatasi zikalegea. Bi Sinzia aliomba kanda ya maelezo, akaisikiliza kwa namna yake. Karani alipofika kwenye mvua, sauti yake ililainika kama ya mtu aliye kitandani kwake. Basi Bi Sinzia akaenda ghalani, akaomba kiti, akangoja mvua. Alirudi tena na tena, alasiri za mawingu, akakaa nyuma ya marobota katika harufu ya nguo mpya, hata wapagazi wakawa wanampita kwa kunyata. Siku moja alichoka, akaamua kwenda zake nyumbani. Alipofungua mlango alikuta uwanja mzima umefurika maji na watu wamejibanza ukutani. Mvua ilikuwa imenyesha muda wote ule, naye hakusikia hata tone. Bati lilikuwepo kweli, ila juu ya ghorofa ya tatu.

Karani alipoulizwa upya, alikiri kwamba wakati wa mauaji alikuwa kwake, amejilaza chini ya bati lake mwenyewe, na kwamba maneno ya mahakamani alipangiwa na watu waliotaka kesi iishe upesi.

Siku ya hukumu ya rufaa, Bi Sinzia alikaa mstari wa mbele, macho kodo. Hapo ndipo tulipojua kwamba anaogopa. Jaji alisoma polepole, kwa sauti ya chini, feni ikizunguka juu yetu, mpaka akafika aliposema Fundi aachiwe huru. Mama yake alipiga ukelele mmoja tu. Bi Sinzia akafumba macho kuusikiliza.

Sisi tunaobaki alitufundisha kutoandika kamwe neno “inadaiwa” bila kusema nani anadai. Kiti cha dirishani ametuachia, na tayari kinagombewa.

Baada ya chakula cha kumuaga Ijumaa, Fundi atasema machache. Si mtu wa maneno mengi, kwa hiyo amemshonea Bi Sinzia mto, na kitambaa amekichagua mama yake, ambaye atakuwa ameketi pembeni ya mwanawe. Bi Sinzia akifumba macho wakati huo, tafadhali msimwamshe.

Asante, dada yetu. Tunakupenda, na maisha mema yakufuate kila uendako. Mto huo ni wa kulalia tu. Kusikiliza tuachie sisi.