Loice Wanza Nzau, Aliyeandika ili Mama Yake Asome

Marehemu Loice Wanza Nzau alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Agosti 1984, Marungu, akiwa mtoto wa pekee wa marehemu Nzau Muinde na Kathini Nzau. Wazazi wake walikuwa wametoka Kibwezi, baba akaja kukata mkonge, wakapenda udongo wa huku wakakaa. Ulikuwa mwaka wa ukame, mwaka wa kula mahindi ya manjano. Kathini alikuwa akirudi na maji kichwani uchungu ulipomshika, na mtoto hakungoja mama aingie ndani. Alizaliwa uani, mbele ya kuku, akaitwa Wanza kama desturi ya Wakamba ilivyo kwa mtoto wa kike aliyezaliwa nje. Maji hayakumwagika. Kathini amesema hivyo maisha yake yote, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Wanza alisomea shule ya msingi ya karibu na nyumbani, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1998. Wakati ule watoto walifundishwa kuanza kila insha na jua linaloangaza na ndege wanaoimba, hata kama insha ni ya msiba. Siku moja waliambiwa waandike kuhusu siku wasiyoisahau. Wanza aliandika: "Mbuzi wetu alikufa. Mama hakulia mbele yetu. Alilia akienda kuni." Akapewa alama kumi na moja kwa arubaini.

"Wewe Wanza," mwalimu alimuuliza mbele ya darasa, "misemo iko wapi? Methali iko wapi?"

"Mwalimu, siku hiyo hakuna mtu alisema methali."

Alichapwa viboko viwili kwa jibu hilo. Methali akajifunza, mtihani akapita, lakini uandishi wake haukubadilika. Masomo ya sekondari aliyapata Wusi, akikaa kwa shangazi yake na kupalilia viazi asubuhi kabla ya kengele, akamaliza kidato cha nne mwaka 2002. Karo ya chuo haikupatikana. Jambo hilo linasemwa hapa kwa sababu ni kweli, na yeye hakupenda kweli irukwe.

Mwaka 2004 aliajiriwa na Bwana Geoffrey, mwenye duka la kupiga chapa mjini Voi. Kazi kubwa pale ilikuwa programu za mazishi. Watu walileta karatasi zenye maneno yale yale: marehemu alikuwa mchapakazi, mcha Mungu, mpenda watu. Wanza alichoka kuzika watu mia kwa maneno ya mtu mmoja, akaanza kuuliza.

"Marehemu alipenda kunywa chai ya namna gani?"

"Dada, sisi tumekuja kuchapiwa programu, hatukuja kunywa chai."

"Najua, baba. Lakini alikunywaje?"

Basi mtu angeweka karatasi mezani, kisha aseme: ya rangi, ya moto sana, akipuliza mpaka watoto wanacheka. Wanza angeliandika hilo. Bwana Geoffrey alikuwa akigonga meza: "Loice, piga chapa, foleni imefika barabarani!" Lakini baadaye watu walianza kutoka Taveta na kupita maduka mengine matatu wakiuliza yule msichana wa maswali.

Tarehe 6 Desemba 2008 alifunga ndoa kanisani Voi na Derrick Mwandawiro, mfanyabiashara wa ndizi. Derrick alikuwa amemtumia ujumbe wa simu kwamba anampenda kupita maelezo. Jibu lilikuja upesi: "Hebu jaribu kueleza." Derrick amekiri kwamba alikaa siku mbili, akaandika kuwa akiwa Taveta akipakia ndizi, kila mkungu mzuri hutaka kumwonyesha yeye kwanza. Wakaoana. Mungu aliwajalia watoto wawili, Wakesho na Josephat, na wakanunua shamba Marungu, ng'ambo tu ya ua wa Kathini.

Mwaka 2012 Wanza alianzisha blogu aliyoiita Kwa Maneno Machache, na baadaye ukurasa wa Facebook wa jina hilo hilo. Aliandika juu ya foleni ya maji, juu ya ndovu aliyelala katikati ya mahindi, juu ya wajane wanaouza mkaa. Hakutukana mtu, wala hakupiga kelele ili asomwe. Mama yake hakuwa amekanyaga shule. Alipoona watu wanamsimamisha binti yake sokoni wakimshukuru, aliuliza: "Wanza, unawaandikia nini hawa, na mimi je?"

Basi Wanza alimnunulia mama simu, akamfundisha kusoma kwa maandishi yake mwenyewe. Jioni walikaa wawili jikoni, kidole cha mama chini ya neno. Pale ambapo Kathini alikwama, Wanza hakusema "jaribu tena, mwaitu, mama yangu." Alichukua simu akaikata ile sentensi. Tangu hapo hakuna andiko lililotoka kabla mama hajalisoma hadi mwisho. Kijana mmoja alimdhihaki: "Sista, unaandika kama mtoto wa darasa la tatu." Akamjibu: "Asante kwa kunipandisha. Msomaji wangu wa kwanza yuko darasa la pili." Watu walicheka. Wachache walijua kwamba hakuwa akitania.

Kuna jambo moja alilishika kuliko yote. Zamani habari ya kifo haikuwa na haraka. Ilibebwa na wazee wawili, kwa miguu. Walifika, wakabisha hodi, wakaketi, wakaomba maji. Mwenye nyumba naye akaketi. Ndipo mmoja alisema, na mwingine alikuwa karibu kumshika anayeanguka. Siku hizi maiti haijapoa, picha yake imeenea kila mahali na vikono vya kuomba vimepangwa safu, na walioandika wamekwisha kugeukia mpira. Novemba 2019 kijana wa jirani yetu Mbinya alifariki katika ajali kwenye barabara ya Mombasa. Wanza alijua jina mapema. Kwenye ukurasa wake watu wakaanza:

"Admin umelala?"

"Wenzako washaposti zamani, wewe unangoja nini?"

"Nangoja wazee wafike kwa mama," akaandika, akazima simu. Alikwenda akaketi na Mbinya akimsaidia kupukuchua mahindi, simu ya Mbinya akaiomba kwa kisingizio cha kuichaji, mpaka wazee walipoonekana njiani. Aliandika siku tatu baadaye, na maneno yale wengi wenu mnayakumbuka: "Kifo kina habari nzito. Apewe mtu aliyekaa, na mtu aliyekaa naye."

Mwaka 2022 Wanza aliugua figo. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki Voi, na hata pale kitandani aliandika, juu ya wauguzi, juu ya mgonjwa aliyekuja na redio. Januari 2024 marafiki walifungua kundi la WhatsApp la kumchangia, likaitwa Matibabu ya Loice. Wanza mwenyewe aliomba mama yake atiwe humo. "Acha asome watu wanavyoniombea," alisema. "Atalala vizuri." Na kweli Kathini alisoma kila sala, neno kwa neno.

Alifariki Alhamisi, tarehe 13 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arubaini. Derrick hakumpigia mama simu. Alifanya kama mke wake angefanya. Aliwapigia Mzee Obadiah, mzee wa kanisa, na Muinde, shemeji yake Kathini, nao wakaondoka kwenda Marungu. Walikuwa bado njiani msimamizi wa kundi alipopata habari. Mtu yule ana moyo mwema, na hapa hatajwi jina. Alitaka mipango ianze mapema. Alifanya kama wanavyofanya wote siku hizi: alibadilisha jina la kundi.

Kathini alikuwa uani akipepeta ndengu. Simu ikatetemeka. Akapangusa mikono akasoma, kidole chini ya neno, kama alivyofundishwa. Mazishi ya Loice. Alisoma tena, akidhani amekosea. Hakuwa amekosea. Binti yake alikuwa amemfundisha vizuri.

Wazee walipofika walimkuta bado anapepeta, na ungo hauna kitu.

"Hodi hapa, Mama Wanza."

"Karibuni. Kaeni."

"Tunaomba maji."

Akawaletea. Mzee Obadiah alipopokea, maji yakamwagikia suruali yake. Kathini akaketi mbele yao.

"Nimesoma," alisema.

Wazee wakainamisha vichwa. Muinde akasema, "Basi, shemeji, sisi tumechelewa. Hatuna la kusema."

"Mnalo. Lile mlilotumwa, lisemeni. Mtoto wangu hakunifundisha kusoma ili nimsome hivyo. Simu si mtu. Niambieni nyinyi."

Mzee Obadiah akavua kofia. Akasema: "Mama Wanza, mtoto wetu ametutoka. Ni leo asubuhi, saa nne. Derrick alikuwa amemshika mkono. Hakuwa peke yake."

Hapo ndipo Kathini alipolia, na Muinde alikuwa karibu kumshika.

Msimamizi wa kundi alikuja kesho yake, akapiga magoti. Kathini alimpa kiti na uji. Hakumgombeza. Alimwambia tu: "Mwanangu, siku nyingine njoo wewe."

Marehemu ameacha mume, Derrick Mwandawiro. Watoto, Wakesho na Josephat. Mama mzazi, Kathini Nzau. Baba mdogo, Muinde. Shangazi yake wa Wusi. Wakwe zake wote, na wasomaji ambao idadi yao haijulikani. Wale wenye simu mkononi wanaombwa wazitie mfukoni mpaka udongo uishe kurudishwa. Nyumbani kuna wengine hawakuweza kuja, wagonjwa na wazee. Waendeeni kwa miguu, mkaketi nao, mkawaambie.

Mungu akulaze mahali pa utulivu, Wanza. Mama yako yuko hapa, na ameambiwa.