Emery Gatete, Mwalimu Aliyemwonea Wivu Mwanafunzi Wake

Wachungaji, wazee wetu, majirani wa Base Camp hapa Nakivale, wafanyakazi wenzake mliotoka Kamukuzi, Mbarara, asubuhi ya leo, na ninyi nyote mlioacha mashamba na biashara zenu mkaja kutushika mkono, familia ya marehemu Emery Gatete inawasomea maisha ya ndugu yetu kama alivyoyaishi. Tulipokaa kuyaandika, wengine wetu tulitaka kuuruka mwaka 2011, lakini mjane wake, Pélagie Mukamana, alikataa, akasema, "Mukisoma maisha ya malaika, batu bataulizana ni nani tunazika." Kwa hiyo mwaka huo umo, na Emery mwenyewe hakuwahi kuuficha nyumbani kwake.

Emery alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 huko Bijombo, kwenye milima iliyo juu ya Uvira, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Adolphe Gatete, mfugaji, na mama Kankindi, ambaye mnamwona amekaa hapa mbele. Alisoma shule ya msingi hukohuko milimani, akashuka Uvira kwa masomo ya sekondari, akapenda hesabu kuliko ng'ombe, jambo ambalo baba yake hakulielewa wala hakulizuia. Vita vilimkuta akiwa karibu kumaliza, mwezi wa Oktoba 1996, baba yake akauawa njiani, na Emery akawavusha mama na wadogo zake hadi Burundi, kisha Tanzania, mpaka walipoingia Uganda kwa upande wa Ngarama na kupokewa kama wakimbizi hapa Nakivale tarehe 3 Februari 1998.

Hapa alilima mahindi na maharage kama kila mtu, akajifunza Kiingereza, akarudia masomo ya sekondari mjini Mbarara na kuyamaliza mwaka 2001, kisha akasomea kompyuta katika chuo cha hukohuko Mbarara, akapata stashahada yake Novemba 2003. Alitamani sana kuendelea hadi shahada, akaomba ufadhili, akajibiwa kwamba umri wake umepita. Neno hilo alilimeza, lakini halikushuka.

Tarehe 5 Januari 2004 aliajiriwa na shirika dogo la Kamukuzi linalopeleka dawa kwenye vituo vya afya vya wilaya ya Isingiro, na mwaka huohuo, tarehe 18 Desemba, alifunga ndoa na Pélagie katika kanisa letu, Mungu akawajalia watoto watatu, Gisèle aliyezaliwa mwaka 2006, Adolphe aliyepewa jina la babu yake mwaka 2009, na Miriamu wa mwaka 2012. Kila Jumamosi, Emery alirudi Nakivale kufundisha vijana kompyuta katika chumba cha kanisa, na katika vijana hao alikuwemo Joël Niyonshuti, mtoto wa jirani yetu mama Mariette, aliyekuwa akielewa kitu kabla mwalimu hajamaliza kukieleza. Emery alimpenda kama mdogo wake. Mwaka 2006 Joël alipata ufadhili wa kusoma shahada Kampala, ufadhili uleule ambao mwalimu wake alikuwa amenyimwa, na Emery ndiye aliyemsindikiza hadi kituo cha basi, akambebea sanduku, akarudi nyumbani akalala bila kula.

Kazini Emery aliandika programu ya kugawa dawa, akiwa peke yake, na ndani yake mlikuwa na sehemu moja kubwa aliyoiita Gawanya, ndiyo iliyoamua kituo kipi kipelekewe dawa gani na kwa kiasi gani. Kila lilipotokea jambo jipya, kituo kimefunguliwa, dawa imebadilishwa, wafadhili wanataka mahesabu yao kando, Emery aliongeza ndani ya Gawanya sharti lingine, kama ni kituo hiki fanya hivi, kama sicho fanya vile, na ndani ya "kama" hiyo akaweka "kama" nyingine. Ilifanya kazi, tena vizuri, lakini baada ya miaka sita hakuna mtu mwingine aliyeweza kuigusa upande mmoja bila kuharibu upande wa pili. Ilipokwama walimpigia simu hata akiwa harusini, naye aliinuka mezani akilalamika, huku Pélagie akiona kwamba moyoni amefurahi, furaha ya mtu asiyeweza kuachwa nyuma.

Oktoba 2010 shirika lilimwajiri Joël, akiwa na shahada yake, wakampa kazi ya kusimamia matengenezo ya programu zote. Tarehe 12 Januari 2011 alisimama mbele ya wafanyakazi akaeleza ubaoni kwa nini Gawanya inawachosha, kwamba kila "kama" ni njia panda, ukihesabu njia panda zote ukaongeza moja unapata kipimo cha ugumu, yaani idadi ya njia unazopaswa kuzipitia na kuzijaribu ili uwe na hakika. Sehemu yenye kipimo kisichozidi kumi, alisema, mtu anaweza kuishika kichwani, na Gawanya ilikuwa na mia moja na kumi na nane. Watu waliguna. Mkurugenzi akauliza ni nani aliyeiandika, Joël akajibu kwa heshima yote kwamba ni mwalimu wake, yeye peke yake, na kwamba imehudumia vituo kwa miaka sita. Alisema hivyo ili amsifu, lakini Emery, alivyomwambia mke wake jioni ile, alijisikia kama mtu anayesomewa habari za marehemu naye yupo anasikiliza.

Kuanzia hapo wivu ulimkalia. Joël aliichukua Gawanya akaanza kuigawa katika sehemu ndogondogo, kila moja na kazi yake na jina linaloieleza, masharti yaliyojirudia akayaunganisha, viwango vya dawa akavitoa ndani ya zile "kama" na kuviweka kwenye jedwali, na kila Ijumaa alibandika kipimo kipya ukutani, mia moja na kumi na nane kikawa sabini na nne, kisha arobaini. Watu wa ofisi nyingine walikuja kutazama. Mkurugenzi alianza kumsalimia Joël kwanza. Simu ya Emery ilikaa kimya Jumapili nzima, naye akawa anaitazama kama mtu aliyesusiwa. Nyumbani mama Kankindi aliuliza mbona ule mutoto wa Mariette haji kula, Pélagie akasema amekonda kwa kazi, wamwite, na Emery akaisukuma sahani akatoka nje. Aliyempa Joël herufi za kwanza za kazi ile alikuwa yeye, na sasa kila herufi iliyofutwa ilikuwa yake.

Februari, Joël alifika kwenye "kama" moja ambayo hakuielewa. Ili ahakikishe kwamba programu mpya inatoa majibu sawa na ya zamani, alikuwa amezipitisha zote mbili kwenye kumbukumbu za Juni, Julai na Agosti za mwaka uliotangulia, na sharti hilo halikuamka hata siku moja, likaonekana kama kitu kilichosahaulika. Akaenda mezani kwa Emery.

"Mwalimu, hii kama ya kituo cha kule Ngarama iko inafanya nini?"

Emery alijua. Aliiweka mwaka 2006, baada ya mvua za masika kufunika barabara ya kituo hicho, ili kuanzia katikati ya Machi programu itangulize dawa za malaria za watoto maradufu kabla maji hayajapanda, na hakuandika maelezo yoyote kando yake kwa sababu maelezo alikuwa nayo kichwani. Aliona pia kwamba Joël amejaribu miezi ya kiangazi tu. Kumweleza kungechukua muda mfupi sana.

"Sijui," akasema. "Ni ya zamani."

Joël akaifuta, na Ijumaa ile kipimo kilishuka tena, na watu wakampongeza. Emery alimwambia mke wake baadaye kwamba hakumtakia mtoto yeyote mabaya, alitaka tu programu mpya ikwame mbele ya watu, kidogo, waje wamtafute yeye, na kila siku alipanga kusema kesho. Machi ikapita hivyo.

Alhamisi tarehe 7 Aprili 2011, muuguzi Kabanyana wa kituo hicho alipiga simu Kamukuzi, akasema dawa za watoto zimekwisha, maji yamefunika barabara, gari lililotoka wilayani limegeuka. Joël aliinuka akiwa amepauka, akawa anafungua mafaili ya mwaka ule na ya mwaka uliotangulia, haoni kosa liko wapi. Emery alichukua boksi la dawa ghalani, akapanda gari hadi Nakivale, akakodi boda boda hadi tairi zilipozama, kisha akaingia kinamasini kwa miguu, boksi kichwani, akafika jioni. Mtoto wa kike wa miaka mitatu, Ikirezi, binti wa Mukarukundo, alikuwa amelazwa akishtukashtuka kwa degedege. Kabanyana alimchoma dawa, na Emery akaketi ameegemea ukuta mpaka mtoto alipofumbua macho. Ikirezi alipona, tunamshukuru Mungu, lakini sikio lake la kushoto halijasikia vizuri tangu siku ile.

Jumatatu tarehe 11 Aprili, mbele ya wafanyakazi wote, Joël alisimama kuomba radhi kwa kutojaribu mwaka mzima, na Emery akamkatiza.

"Aliniuliza," akasema. "Nilijua, nikamwambia sijui. Mungojee, mukasirike na mimi kwanza."

Alisimamishwa kazi hadi Juni. Siku ile Joël hakumtukana, alichukua koti lake akatoka, na kwa wiki nyingi salamu yao ilikuwa ya kuinua kichwa tu. Mwezi wa Mei, Emery alikwenda kwa Mukarukundo, akamweleza kila kitu, bila kujitetea, naye Mukarukundo, ambaye yuko hapa leo na ameturuhusu kuyasema haya, alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu, "Wivu yako ilipitia ku mutoto wangu." Tangu hapo Emery alimpeleka Ikirezi kwa daktari wa masikio Mbarara kila alipoitwa, na hakuna aliyemwagiza.

Emery aliporudi kazini, Joël alimpa kiti kando yake bila hotuba. Alimwambia kwamba kila sharti lililobaki lazima liandikiwe sababu yake kwa maneno ya kawaida, na kwamba hakuna anayezijua sababu hizo ila yeye, kwa hiyo wakaketi pamoja, mmoja akikumbuka, mwingine akipunguza, wakijaribu safari hii kwa kumbukumbu za mvua na za kiangazi. Kufikia mwisho wa mwaka 2012 hakukuwa na sehemu iliyozidi tisa, na wafanyakazi wengine wakaweza kuirekebisha programu hiyo bila kumpigia mtu simu. Tusiseme kwamba wivu ulikwisha. Pélagie anasema kila Joël aliposifiwa redioni au kanisani, mume wake alikohoa. Tofauti ni kwamba alijifunza kuusema, akafika kwa Joël akamwambia, "Leo nakuonea wivu, niulize kila kitu mara mbili," na Joël alimuuliza mara mbili kweli.

Mwaka 2013 Emery aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Aliendelea kufanya kazi huku akienda hospitali na kurudi, hadi tarehe 22 Juni 2015 alipolazwa mjini Mbarara na hakutoka tena. Joël alimtembelea kila alipotoka kazini. Shirika lilihitaji sehemu mpya ya kutenga dawa zinazokaribia kupitwa na muda, Joël alikuwa ameiandika, akamwonyesha kwenye kompyuta, Emery akaisoma yote akiwa ameegemea mto. "Ni muzuri," akasema. "Inaniuma sababu ni muzuri." Kisha akaomba aachiwe kompyuta. Siku zilizofuata aliiandika sehemu hiyohiyo kwa namna yake, polepole, akisimama kupumzika, na Joël aliporudi alimtaka azipime zote mbili.

"Yako iko na ngapi?" akauliza.

"Tano, mwalimu."

"Na yangu?"

Joël alipima, akatazama tena, akasema tatu. Mama Kankindi, aliyekuwa kando ya kitanda, anasema alikuwa hajamwona mwanawe akicheka hivyo tangu Uvira. Ya Emery ndiyo inayotumika Kamukuzi mpaka leo, na Joël ndiye aliyefuta ya kwake.

Emery alitutoka Jumapili tarehe 9 Agosti 2015, saa nne asubuhi, akiwa na miaka thelathini na saba, mkono wake ukiwa mkononi mwa mke wake. Ameacha mama, mjane, watoto watatu, na wadogo zake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, muuguzi Kabanyana aliyeacha zamu kuja kutuona, wachungaji na waimbaji, majirani mliotuletea kuni, maji na maharage bila kuitwa, shirika la Kamukuzi lililotupa gari, mama Mukarukundo na binti yake kwa kutembea njia ndefu kuja kwetu, na Joël Niyonshuti, ambaye ameomba asizungumze leo, ila ashike jeneza upande wa kichwa.

Emery, mtoto wa Gatete, ulichoka kutazama nani yuko mbele yako. Ulikokwenda hakuna wa kukupita, wala wa kumpita. Pumzika sasa, pumzika kwa amani.